Redio Isiyoshika Stesheni

Kiprugut hakuwa mtu wa kumwuliza mteja maswali. Ukimpelekea redio mbovu kwenye karakana yake, nyuma ya duka la Mhindi mmoja pale Nakuru, aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka mezani, kisha akakutazama kana kwamba unamzibia mwanga. "Njoo Jumamosi." Basi, hiyo ndiyo risiti yako. Ukianza kueleza ati ilianza kukoroma tangu mvua ile, ati shemeji yako aliichezea, alinyanyua mkono ukanyamaza. "Redio haisemi uongo," alikuwa akisema. "Mwenye redio ndiye anayesema." Watu walicheka, wakamsifu, na sifa, jamani, hulewesha kuliko busaa.

Tena tusimnyime haki yake, kazi aliijua. Wakati wa vita alikuwa askari wa KAR, jeshi la Mwingereza, upande wa mitambo, huko Burma, akabeba redio mgongoni mpaka mabega yakaota sugu. Vita vilipokwisha jeshi lilianza kuzipiga mnada redio zake pale Gilgil, masanduku ya chuma ya rangi ya kijani, mazito kama jiwe la kusagia, na kila aliyenunua alikwenda nayo kwake akaikatakata kwa akili yake mwenyewe. Kiprugut alishafungua nyingi, na humo ndani alikuta mambo. Mzungu mmoja wa Njoro alikuwa ameng'oa nusu ya mitambo ili chupa ya wiski ipate pa kulala, mkewe asiione. Mwalimu mmoja wa Molo aliweka kibatari ndani, kwa sababu redio yake ilikataa kuamka asubuhi za baridi. Nyingine ilikuwa imefungwa kwa dainamo ya baiskeli, ukitaka habari za ulimwengu lazima kwanza mtu apige pedali mpaka jasho limtoke. Kiprugut alicheka peke yake, akarekebisha, akafunga. Alisema lehemu ni kama mwandiko: akiitazama tu anamjua aliyeitia, kama ni mvivu, mwoga au mwizi.

Hiram Ndung'u alikuja Jumatatu moja ya mwezi wa Machi, mwaka wa hamsini na nne, amebeba redio ndani ya gunia la viazi. Alikuwa fundi wa mashine za kukamulia ng'ombe katika shamba la Mzungu huko Subukia, mtu wa makamo, koti safi lenye kiraka kwenye kiwiko. Pasi yake ya kusafiri alikuwa ameishika mkononi hata humo ndani. Na si ajabu, ilikuwa miaka ya Emajensi. Mkikuyu hakutoka shambani mwa bwana wake bila karatasi, na aliyekutwa na risasi moja mfukoni aliweza kunyongwa. Aliyekutwa na mtambo wa kutuma habari kwa wapiganaji wa msituni, wewe usiulize.

"Inakoroma, halafu inazimika," Hiram alisema. "Nafikiri valvu moja imekufa. Badilisha hiyo valvu tu, fundi. Huo mkebe ulio ndani usiuguse, tafadhali."

"Mkebe gani?"

"Utauona." Hiram aliangalia mlangoni, akasogea karibu, akashusha sauti. "Unajua, fundi, hii redio si kama..."

Kiprugut akanyanyua mkono. "Njoo Jumamosi."

Hiram alibaki mdomo wazi kidogo. Kisha akaufunga, akakunja gunia lake, akaenda zake.

Kesho yake Kiprugut alifungua kifuniko. Mahali pa koili za kushikia stesheni palikuwa peupe. Zilikuwa zimeondolewa zote, tena kwa ustadi, hakuna waya uliokatwa ovyo. Pale pa kuchomeka antena hapakuwa na kitu. Kitufe cha kutafutia stesheni kilizunguka toka mwanzo hadi mwisho bila kushikana na chochote. Kwa hiyo redio hii haikushika Nairobi, haikushika London, haikushika hata radi ya Menengai. Mtu anabeba redio isiyoshika stesheni kutoka Subukia mpaka Nakuru, na vizuizi vyote vile barabarani, anataka itengenezwe. Ya nini?

Mkebe nao aliuona. Ulikuwa mkebe wa kakao, umelehemiwa kwenye chuma na kujazwa nta ya nyuki mpaka juu. Nyaya mbili ziliingia ndani ya nta, mbili zikatoka. Alizifuata zile za kuingia kwa kidole, zikampeleka hadi nyuma ya redio, kwenye kitu kilichofungwa ndani ya kitambaa cheupe kilichofuliwa na kupigwa pasi. Akafungua kitambaa.

Ilikuwa maikrofoni ya koo. Vidude viwili vya mviringo kwenye mkanda, unavifunga shingoni na vinaichukua sauti pale pale kooni kabla haijatoka mdomoni. Huko Burma waliivaa watu wa vifaru kwa sababu ya kelele, lakini Kiprugut aliwakumbuka wengine, wale waliotangulizwa msituni kuchungulia adui. Mtu alijifunga kitu kile akanong'ona, na aliyelala naye shimo moja hakusikia neno. Kwa maoni ya Kiprugut, hakuna raia anayejifunga kitu kile kwa nia njema.

Akakaa kwenye stuli akaipanga hesabu yake. Redio ya kupokea husikia, haisemi. Maikrofoni ni ya kusema. Anayetia maikrofoni ndani ya redio ya kupokea ameigeuza iwe ya kutuma, na mtambo wenyewe wa kutuma umo ndani ya mkebe, umezamishwa ndani ya nta ili jicho la fundi lisiuone. Ndiyo maana "usiuguse, tafadhali." Kila kitu kilikaa mahali pake, na hilo peke yake lingemtia shaka mtu mwenye akili.

Kisha akageuza kifuniko. Upande wa ndani mtu alikuwa ameandika kwa penseli, herufi safi, ndogo: 14/2, 3. Chini yake 21/2, 5. Halafu 28/2, 6. Na ya mwisho 7/3, 9. Kiprugut alinyanyuka akaingia dukani kutazama kalenda ya Mhindi. Tarehe zote nne zilikuwa Jumapili. Ya mwisho ilikuwa juzi tu. Saa tatu, saa tano, saa sita, saa tisa, kila Jumapili na saa yake, kama walivyofanya jeshini ili adui asizoee.

"Lo!" alisema kwa sauti, na Mhindi akainua macho.

Aliogopa, tusifiche. Aliogopa watu wa msituni, kwamba akiuvunja mkebe ule Hiram atajua na atawaambia. Lakini aliiogopa serikali zaidi. Askari wa zamani anayejua mitambo hakuwa mtu wa kusahauliwa na polisi. Kila Alhamisi konstebo Joash alipita kwa mafundi wote wa redio mjini kuuliza kama wameona kitu. Na kitu kile kikikutwa kwenye meza yake, yeye Kiprugut akiwa amekaa kimya, ataeleza nini? Angepoteza kazi, na nyumba, na pengine yeye mwenyewe angepandishwa lori la kwenda kizuizini.

Jumatano mkewe Jepkorir alimletea chakula cha mchana, akamkuta ameifunika redio kwa gunia na amekaa mbele yake kama anayelinda maiti. Akamsimulia.

"Sasa si umwulize mwenyewe?" Jepkorir alisema. "Anakuja Jumamosi."

"Mwizi huulizwa? Aseme nini? Ndiyo, ni mimi?"

"Atasema kitu, na wewe utasikia kama ni uongo. Mtu ana mdomo, Kiprugut."

"Redio haisemi uongo."

"Haya. Oa redio," Jepkorir alisema, akachukua sufuria yake.

Alhamisi Joash akaja. Alikuwa kijana mpole, mwenye daftari, akipenda chai yenye sukari nyingi. Aliuliza lile swali lake la kila wiki huku anapuliza kikombe, bila hata kutazama. "Hakuna kitu, mzee?"

Kiprugut angeweza kusema hakuna. Kwa mwaka mzima ndivyo alivyosema. Lakini ndani yake kulikuwa na woga, na pembeni ya woga, Mungu amsamehe, kulikuwa na raha. Raha ya mjuzi. Ni nani mwingine Nakuru nzima angeyasoma yale aliyoyasoma? Akaliondoa gunia. Akaeleza maikrofoni, akaeleza mkebe, akaeleza Jumapili nne na saa zake, kila kitu kwa mpangilio, na Joash akasahau chai yake mezani akiandika.

"Kazi safi, mzee," Joash alisema. "Weka sahihi hapa." Kiprugut akaweka. "Sasa itengeneze ifanye kazi, Bwana Inspekta atataka kuiona ikifanya kazi. Na mkebe ufungue. Jumamosi tutakuwa hapa kabla yake."

Ijumaa asubuhi Kiprugut aliyeyusha nta kwa chuma cha kulehemu, polepole, akiichota kwa kijiko. Alitafuta koili ya kutuma, hakuiona. Akachota tena. Chini kabisa kulikuwa na transfoma moja ndogo ya kuongezea nguvu ya maikrofoni, imefichwa kwenye bati ili isivume na kuzamishwa kwenye nta ili isipate unyevu. Basi. Hakukuwa na kingine. Hata yeye angeifanya hivyo hivyo, kama angekuwa mwangalifu kiasi kile.

Akabadilisha valvu iliyokufa, akaunga betri ya gari. Akavaa visikilizio vya masikioni vilivyoungwa na redio. Kimya. Maikrofoni ilikuwa imelala kwenye meza, na sasa akasikia kitu, ko, ko, ko. Ilikuwa saa yake ya mfukoni iliyolala juu ya meza ile ile. Akajifunga mkanda kooni. Akasema, "Moja, mbili," na sauti yake ikamjia masikioni kubwa mno, akaruka.

Alizifuata nyaya zote tena, safari hii hadi mwisho. Toka kooni hadi kwenye mkebe, toka mkebe hadi valvu za kukuza sauti, toka valvu hadi masikioni. Sauti haikwenda popote. Haikutoka hata nje ya chumba. Ilitoka kwenye koo la mtu mmoja ikaingia masikioni mwa mtu mwingine aliyekaa karibu naye, kwa urefu wa waya, hatua moja na nusu.

Kitufe cha sauti kilikuwa kimewekewa alama kwa sindano, toka moja hadi kumi. Hiram alikuwa amekiacha kwenye tisa.

Kiprugut alikitazama kitufe, akatazama kifuniko. Tatu, tano, sita, tisa. Hazikuwa saa. Kila Jumapili, siku ya mapumziko, Hiram alijifunga mkanda akasema na mtu, akaongeza sauti mpaka mtu yule akaitikia kwa kichwa kwamba amesikia, kisha akaandika namba. Na namba ilikuwa inapanda. Ilibaki moja tu.

"Ni kiziwi," Kiprugut alisema. "Kuna mtu wake anazibika masikio." Akakiacha kila kitu kikiwaka, akakimbia hadi kituo cha polisi na mkanda ungali shingoni.

Bwana Inspekta, Mzungu kijana mwenye mafua, alimsikiliza mpaka mwisho. Joash alikuwa amesimama kando na faili.

"Kwa hiyo haitumi habari," Inspekta alisema.

"Haitumi, bwana. Ni ya mtu asiyesikia."

"Nani hasikii?"

"Sijui, bwana. Sikumwuliza."

Joash alifunua orodha ya wafanyakazi wa lile shamba la Subukia. Hiram Ndung'u, fundi. Mke mmoja, Wariara, yaya wa watoto wa bwana. Watoto wao wenyewe, hakuna. Kilema, hakuna.

"Yaya kiziwi?" Inspekta alisema. "Mtoto akilia atasikia na nini? Hapana. Mtu huyu ametengeneza chombo cha kukuza sauti ndogo, na mke wake analala nyuma ya nyumba ya bwana wake. Anaweka hiyo ukutani, anasikia yote yanayosemwa mezani. Hiyo ni mbaya kuliko ya kutuma." Akapenga kamasi. "Na jana uliweka sahihi kwamba ni ya kutuma. Leo unakuja mbio unasema ni dawa. Hiram amekupa nini tangu jana?"

Hapo ndipo Kiprugut alipouona mtego aliousuka kwa mikono yake. Maneno alikuwa nayo. Angeweza kusema, bwana, twende Subukia sasa hivi, tupige sufuria nyuma ya huyo mama tuone kama atageuka. Lilikuwa jambo dogo, la saa mbili tu. Lakini jicho la Inspekta lilikuwa limehama kwenye faili na kumkalia yeye, lile jicho alilokuwa akiwatazamia wateja wake, na akaona aibu, na akaogopa zaidi ya aibu. "Hajanipa kitu, bwana," alisema. Na akanyamaza.

Jumamosi asubuhi alifikiri kwenda kusimama kwenye njia ya Subukia amrudishe Hiram. Alifikiri akiwa anavaa viatu, akafikiri akiwa anafungua karakana. Saa tatu Joash na askari wawili walikuja wakakaa nyuma ya pazia, na kufikiri kukaisha.

Hiram aliingia saa nne, gunia lake limekunjwa kwapani. Aliiona redio mezani, na mkebe wake mtupu, na nta iliyorundikwa kwenye sahani. Hakuuliza. Askari walipomshika mikono alisema mara moja tu, kwa Kiswahili cha taratibu, "Ni ya mke wangu. Alipata homa kubwa mwaka juzi, na tangu hapo masikio yake yanakufa kidogo kidogo."

"Mke wako ni yaya," Joash alisema.

"Ndiyo. Anawatazama watoto midomo. Memsabu akijua atamfukuza, na akifukuzwa atapelekwa rizavu ya Wakikuyu peke yake. Ndiyo maana hatujasema."

"Basi leo umesema," Joash alijibu, akaandika na hilo pia.

Walipompitisha mlangoni Hiram aligeuka. Kiprugut alitamani atukanwe. Angelipokea tusi kwa mikono miwili.

"Nilitaka kukuambia Jumatatu, fundi," Hiram alisema. "Ulinyanyua mkono."

Lori la polisi liliondoka naye na redio yake nyuma, na lilikokwenda hakuna aliyesema.

Jumapili Kiprugut alipanda lori la makopo ya maziwa hadi Subukia. Jepkorir hakumwambia aende wala asiende. Njia nzima alipanga maneno yake: kwamba ni makosa ya polisi, kwamba mambo yatasahihishwa, kwamba yeye mwenyewe atakwenda kutoa ushahidi. Yalipangika vizuri.

Alimkuta Wariara nje ya kibanda chao, nyuma ya nyumba kubwa, amevaa nguo ya kanisani. Alikuwa ametoa stuli mbili juani, na kati yao meza ndogo yenye kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Juu ya meza hapakuwa na kitu. Alimwona mgeni akija, akasimama.

"Wewe ndiye fundi?" alisema, kwa sauti kubwa ya mtu asiyeisikia mwenyewe. "Hiram aliniambia mkono wako ni mzuri. Aliniambia huulizi watu maneno mengi." Alichungulia nyuma ya Kiprugut, kwenye njia. "Yuko wapi? Ameibeba peke yake? Ile ni nzito."

Kiprugut aliketi kwenye stuli ya pili. Alianza kusema, akitazama chini kwenye kitambaa, na mkono wake ukapanda wenyewe ukamfunika mdomo, kama mtu anayejipangusa ndevu. Alisema habari za polisi. Alisema habari za makosa.

Wariara aliinama akamtazama usoni. Kisha akamgonga kidogo kwenye kifundo cha mkono.

"Toa mkono, fundi," alisema. "Sioni unachosema."

Yale maneno yote ya kwenye lori yalimpotea. Aliushusha mkono akauweka mezani.

"Hiram ameshikwa," alisema, polepole.

Yule mama aliukazia macho mdomo wake, na uso ukabadilika. Alishika ukingo wa meza.

"Nani alimtaja?"

"Mimi."

Wariara alikunja uso. Alisogeza stuli yake hadi magoti yao yakakaribia kugusana.

"Rudia," alisema. "Sikuona vizuri."

Kiprugut akarudia.